Haibridi kwa Barabara ya Kwai: Hesabu Ianzie Mlimani

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta, na kila tangazo linapotoka mjadala uleule huzuka upya vijiweni, ofisini na katika vyumba vya walimu: je, si wakati sasa wa kununua gari la haibridi? Mjadala huo ulipamba moto mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa soko la dunia hata lita ya petroli jijini Dar es Salaam ikavuka shilingi 3,400 mwezi Agosti, na hapo Serikali ilikuwa imekwisha kuingiza ruzuku. Bei imepanda na kushuka tangu wakati huo, lakini swali halijaondoka.

Mimi limenifikia kwa sura ya fomu inayosubiri saini. Mpwa wangu anayeishi Kwai, wilayani Lushoto, anaomba mkopo katika chama cha akiba na mikopo ili anunue Toyota Aqua iliyotumika Japani, abebe abiria kati ya Kwai, Lushoto mjini na Mombo. Mdhamini aliyemwandika ni mimi. Hoja yake ni fupi: "Mjomba, madereva wa Dar wanasema inakula nusu ya mafuta. Nusu, mjomba! Wewe ndiye msomi, piga hesabu." Nimepiga, na kwa kuwa najua vijana wengi wa milimani wanashawishiwa na neno hilohilo "nusu", naiweka hesabu yangu hapa hadharani.

Kwanza tuondoe dhana moja. Haibridi ya kawaida, kama Aqua au Prius iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, haichomekwi kwenye umeme. Nimesikia mtu mwenye shahada mbili akisema kwamba sasa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limekamilika, haibridi zitatembea kwa umeme wa Rufiji. Hazitatembea kwa umeme huo. Kila chembe ya nguvu iliyomo katika betri ya gari hilo imetoka katika petroli iliyoagizwa kutoka nje na kushushwa bandarini. Ufundi wake ni kutopoteza. Gari la kawaida likifunga breki, mwendo wake wote hugeuka joto na kupotelea hewani. Haibridi hukamata sehemu ya mwendo huo, huugeuza umeme, huuhifadhi, kisha huutumia gari linapoanza tena kuondoka. Na likisimama, injini huzimika.

Kutokana na maelezo hayo msomaji anaweza kujijibu mwenyewe ni wapi gari hili linang'ara. Linang'ara penye upotevu mwingi. Foleni ya Dar es Salaam, kutoka Mbezi hadi Ubungo asubuhi, ni kiwanda cha upotevu: kwenda hatua kumi, kusimama, kwenda tena, kusimama dakika tano na injini ikinguruma bure. Huko neno "nusu" si uongo mkubwa. Madereva wanaompa mpwa wangu habari wanasema kweli, ila ni kweli ya mahali pao.

Sasa tupande Usambara. Mombo iko kwenye mwinuko wa mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Lushoto mjini ni mita 1,400 hivi. Katika kilomita 33 za kona na makorongo, kupitia Soni, gari hupanda kilomita nzima kwenda juu, na Kwai, ukishapita Magamba, iko juu zaidi ya mji. Chukua Aqua yenye abiria, jumla kilo 1,400. Kuiinua mita 1,000 kunahitaji nguvu ya karibu uniti nne za LUKU, kabla hujahesabu msuguano wa tairi na upepo. Betri yake yote haifiki uniti moja, na kompyuta ya gari hairuhusu itumike yote, kwa sababu betri ikimalizwa kabisa au kujazwa kabisa hufa mapema. Kwa hiyo betri husaidia kona chache za mwanzo, kisha mlima wote uliobaki unapandwa na petroli ya injini ndogo ya sentimita za ujazo 1,500 inayobeba, pamoja na abiria, betri na mota zake.

Wapenzi wa haibridi watasema mteremko utarudisha. Nilidhani hii ndiyo hoja yao nzito kuliko zote, mpaka nilipoikalia na kalamu. Gari linaposhuka kwenda Mombo linarudishiwa zile uniti nne. Tairi na upepo vinachukua karibu nusu, na zinazobaki bado ni nyingi mno kwa chombo cha kuzipokea. Ni mtu aliyekwenda mtoni na kikombe. Mahali fulani kati ya Soni na Mombo betri hujaa, na kuanzia hapo mfumo hauna pa kupeleka nguvu: injini huanza kuzungushwa bure ili kulizuia gari, ikilia kwa sauti inayowatia abiria hofu, na dereva asiyejua kuweka gia kwenye alama ya B huishia kukanyaga breki kama wenzake wote. Mteremko ule mrefu, ambao machoni pa mtu ni hazina, kwa betri ndogo ni mafuriko.

Sisemi kwamba mlimani haibridi haiokoi chochote. Injini yake imeundwa kutumia petroli kwa uangalifu hata inapofanya kazi peke yake, na vipande vya tambarare na vituo vya njiani vina faida yake. Ninachosema ni kwamba si nusu. Tuseme gari dogo la kawaida linakula lita 8.5 kwa kila kilomita 100 katika njia ile, na Aqua iliyojaa watu inakula 6.5. Tuseme tena kijana anatembea kilomita 30,000 kwa mwaka, mafuta ni shilingi 3,000 kwa lita, na Aqua inamgharimu shilingi milioni tano zaidi ya gari la kawaida. Kwa "nusu" ya Dar es Salaam angeokoa lita 1,275 kwa mwaka, yaani shilingi milioni 3.8, na ile milioni tano ingerudi ndani ya miezi 16. Kwa hesabu ya mlima anaokoa lita 600, shilingi milioni 1.8, na fedha hiyo inarudi baada ya miezi 33. Mkopo wake ni wa miezi 36. Hapo sijaweka riba ya ile milioni tano ya ziada, wala betri.

Betri ndiyo inayoninyima usingizi. Gari linalofika Dar es Salaam likiwa na umri wa zaidi ya miaka minane hutozwa ushuru wa ziada wa asilimia 15 kwa ajili ya uchakavu, na likizidi miaka kumi asilimia 30. Mtu mwenye fedha chache hujikuta kati ya gari jipya kidogo lenye bei kubwa na gari kuukuu lenye ushuru mkubwa. Mara nyingi huchukua la pili, na ndilo ambalo betri yake inakaribia mwisho wa safari. Betri hiyo hupozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo kando au chini ya kiti cha nyuma. Anayeijua barabara ya Kwai anajua siti ya nyuma ina kazi gani siku ya soko: gunia la karoti chini ya miguu, mifuko ya plamu na peasi juu ya mapaja, na kiangazi vumbi jekundu juu ya kila kitu. Tundu likizibwa na mzigo au chujio likijaa vumbi, betri huchemka na kuzeeka kabla ya wakati. Kisha atafutwe fundi. Fundi wa milimani ambaye ameifahamu injini ya Land Rover kwa kuisikiliza tu hana sababu ya kuaibika akikataa kugusa zile nyaya za rangi ya chungwa. Zinabeba volti zinazoua, na mafunzo yake hayajafika huko aliko. Betri ikifa mwaka wa pili, mkopo hauzimiki nayo.

Kuna wanaoshauri gesi asilia badala yake, maana ni ya kwetu, kutoka Songo Songo. Kwa bajaji na teksi za Dar es Salaam ni shauri jema, foleni za vituoni zikivumiliwa. Kwa Kwai ni mazungumzo ya baadaye sana: mtungi unakula nafasi ya mizigo, na kituo kiko mamia ya kilomita.

Na hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la familia yangu peke yake. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuongeza ushuru wa shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Mwaka 2021 zikaongezwa shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA. Mwaka 2023 ikaongezwa 100 nyingine kwa miradi ya kimkakati. Nyongeza hizo tatu ni shilingi 240 kwa lita. Mpwa wangu akiwa na gari la kawaida, kwa lita zake 2,550, atalipa shilingi 612,000 kwa mwaka katika nyongeza hizo pekee. Mimi, mwajiriwa mwenye mshahara, ninayetembea kilomita 12,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa katika foleni, nikinunua haibridi nitatumia lita 600 na kulipa 144,000. Nisiponunua nitatumia 1,080 na kulipa 259,200. Teknolojia inanipa mimi mlango wa kutoka katika kodi ya barabara, na kijana wa mlimani inamwacha ndani akilipia barabara ambayo masika ikifika hawezi kuipita bila kusukumwa.

Siwalaumu wanaonunua haibridi mjini; hesabu yangu mwenyewe ya Dar es Salaam inanielekeza huko, na huenda nikanunua. Ninalaumu mjadala wa kitaifa unaozungumzia kuokoa mafuta kana kwamba ni suala la kuchagua gari. Mafuta ya Kwai hayaliwi na injini mbovu tu. Yanaliwa na gia ya kwanza katika tope, na mizunguko ya kukwepa mashimo, na Fuso inayosubiri usiku kucha udongo ulioporomoka uondolewe huku kabichi zikinyauka. Gharama hiyo haiishii kwa dereva. Dalali huirudisha shambani kwa njia ya lumbesa: gunia linaloshonewa kilemba hadi kuzidi kilo 100 za kisheria, likilipwa bei ya gunia moja. Wajerumani walipoweka shamba la majaribio Kwai mwishoni mwa karne ya 19, waligundua upesi kwamba mboga zinastawi kuliko zinavyosafirika. Zaidi ya miaka mia moja baadaye ugunduzi wao bado haujachakaa.

Ningependa mbunge yeyote atakayesimama kusifu magari yasiyokula mafuta aulizwe kwanza ni kilomita ngapi za barabara ya jimbo lake zimechongwa na kuwekewa mitaro kwa ile shilingi 100 ya mwaka 2021, na taarifa hiyo ibandikwe ofisi ya kata, ambapo anayelipa kwa lita anaweza kuisoma. Kisha tujadili namna nyingine ya kuchangia barabara, kwa uzito wa gari au umbali, kabla wenye uwezo hatujahama wote kwenye petroli na kuwaachia wenye Noah na bodaboda mzigo mzima.

Kwa mpwa wangu nimejibu kwa maandishi, ili asije akaambiwa kijiweni kwamba mjomba ameona wivu. Nimemwambia saini yangu iko tayari kwa Probox ya petroli isiyo na betri kubwa, yenye uvungu wa kuhimili mawe na nyuma pa kuweka magunia, na kwamba sehemu ya ile tofauti aiweke kwa ajili ya tairi na breki, ambavyo mlima utavidai kila mwaka. Jedwali la hesabu nimeliambatanisha, na nafasi tupu aweke bei alizozipata yeye. Kamati ya mikopo inakaa mwisho wa mwezi. Mpaka naandika haya hajanijibu, ila dada yangu amenipigia kuniuliza kwa nini mtoto wa mwenzangu aendeshe gari la zamani wakati mimi mwenyewe nafikiria jipya.