Daftari la Miraba Litangulie

Hapa Kenol barabara itokayo Thika hugawanyika, tawi moja likielekea Murang'a mjini na jingine likishika njia ya Sagana, Karatina na Nyeri. Na kila muhula ufunguliwapo, stendi hujaa vijana waendao Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Murang'a, au kile cha Dedan Kimathi huko Nyeri, au wateremkao hadi kile cha Juja. Miongoni mwao wamo waliochagua sayansi ya tarakilishi kwa shauku moja, nayo ni kuiona kwa macho yao picha waliyoiumba kwa hesabu ikichomoza katika kioo. Shauku hiyo ni amana, na nahofia kwamba aghalabu huzimwa kabla haijashika moto.

Kijana mmoja wa jirani yangu alirejea likizoni amekata tamaa. Katika kipindi cha kwanza cha somo la michoro alipewa karatasi ya maagizo, akayanakili yote pasi na kuacha nukta, akaiendesha programu, na dirisha likafunguka jeusi tititi. Taksiri haikuwa yake. OpenGL, yaani ule mkusanyiko wa amri ambazo kwazo programu huiagiza kadi ya michoro, ilitolewa na kampuni ya Silicon Graphics mwaka 1992, na mwaka 2008 amri zake kongwe zikatangazwa kuwa za kuachwa. Karatasi ile ilichanganya amri za kale na za sasa. Fauka ya hayo, kwa utaratibu wa sasa, mwenye kutaka kuchora pembetatu moja tu hana budi kutenga kumbukumbu ya ncha zake, kuandika programu ndogo mbili, moja ya kupanga ncha na ya pili ya kutia rangi, kisha kuziunganisha na kuzikabidhi kwa kadi. Akikosea hatua moja, kiza ndicho jawabu lake, na kiza hakimwambii amekosea wapi.

Rai yangu ni kwamba somo hili lianze kwa daftari la hesabu lenye miraba, lile lile la shule ya msingi, mashine zikiwa bado zimezimwa. Mwanafunzi aambiwe achore mstari kutoka mraba wa mwanzo hadi ule ulio saba kulia kwake na tatu juu, kwa sharti kwamba asipige rula, bali apake miraba mizima tu. Atahangaika kidogo, kisha atagundua kwamba katika kila hatua ya kulia swali ni moja: nipande, au nibaki? Atapaka miwili chini, miwili juu yake, miwili tena, na miwili ya mwisho, na akilisogeza daftari mbali ataona mstari umenyooka. Ndivyo ulivyo mshazari katika kiondo wasukacho mama zetu wa Murang'a na Nyeri: ni ngazi za nyuzi zilizohesabiwa, na jicho ndilo linalozinyoosha. Mtaalamu wa tarakilishi Jack Bresenham, alipokuwa katika kampuni ya IBM mwaka 1962, aliliwekea swali hilo hilo kanuni ya kujumlisha na kutoa nambari kamili tu, bila sehemu, na kanuni yake ingali inafundishwa hadi leo.

Baada ya daftari, kivinjari. Kila tarakilishi ya maabara inacho, na simu ya mwanafunzi inacho. Hapana cha kusakinisha. Kwa mistari michache ya lugha ya JavaScript aipake miraba yake ile ile katika ukurasa, na hapo atashangaa kuuona mstari wake ukiteremka badala ya kupanda, kwa kuwa kioo huhesabu kuanzia pembe ya juu kushoto kwenda chini, ilhali mwalimu wake wa hesabu alimzoeza kuhesabu kwenda juu. Akishaugeuza kwa mkono wake mwenyewe, amejifunza kuihamisha nukta kutoka mpango mmoja wa vipimo hadi mwingine, na hilo ndilo lililo moyoni mwa somo zima. Hapo ndipo aingie OpenGL, na likimtokea dirisha jeusi atakuwa na la kuuliza.

Wapo watakaosema kwamba muhula ni mfupi na waajiri wanataka zana za kisasa. Ni kweli muhula ni mfupi, na ndiyo sababu vipindi viwili vya daftari ni nafuu kuliko majuma ya kunakili usichokifahamu. Zana nazo hubadilika, kama zilivyobadilika 2008.

Nawasihi wahadhiri wetu: muhula ujao mfunguapo mlango wa maabara, wapeni vijana daftari na penseli kwanza, na swichi isubiri.