Garsen mjini: pa kununua papo, pa kukaa hapana

Ijumaa ya juzi baada ya swala nilisimama kwenye steji ya Garsen nikitazama watu wakipanda magari. Walimu, wafanyakazi wa serikali, vijana wenye mikoba mgongoni, wengi wao wakiteremka Malindi na Mombasa. Nikamuuliza kijana mmoja ninayemjua, kuna harusi gani huko? Akacheka. "Hakuna harusi, ami. Naenda kupumzika tu. Hapa mtu utapumzikia wapi?"

Swali hilo lilinikaa. Wikendi hiyo nikaamua nisiende popote. Jumamosi na Jumapili yangu niimalize katikati ya mji wa Garsen, palepale madukani, kama mtu aliyezuru mji wa watu.

Jumamosi asubuhi mji umechangamka. Kina mama wa Kiorma wamepanga maziwa yao, Wapokomo wameleta ndizi na maembe kutoka mashamba ya mtoni, magari ya Hola na Garissa yanapita na vumbi lake. Nikaingia hoteli moja, nikanywa chai kwa mahamri na mbaazi, nikafungua simu nisome habari. Kikombe kilipokauka mhudumu akapita mara mbili. Mara ya tatu akanena kwa adabu: "Ami, kuna wateja wamesimama." Simlaumu. Kiti ni cha biashara, na mkono mtupu haulambwi.

Nikahamia kibaraza cha duka, mwenyewe akaletewa mzigo wa unga, nikapisha. Nikaenda chini ya mkilifi, nikakuta pikipiki zimejaa kivuli chote. Mahali pekee nilipokaa bila kuulizwa nataka nini ni baraza ya msikiti, baina ya adhuhuri na alasiri. Alhamdulillahi kwa hilo. Lakini nikajiuliza, jirani yangu Mpokomo ambaye ni Mkristo, yeye atakaa wapi? Na dada yangu je? Jioni nilimpigia simu aje mjini tuzungumze. Akanijibu: "Kaka, mimi mjini huja na orodha ya vitu, nikanunua nikarudi. Nikae wapi? Na choo kiko wapi?"

Ndugu msomaji, miji yetu ya Pwani haikuzoea hivyo. Lamu wana Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, ambapo mzee hukaa alasiri yote bila kununua hata kikombe cha kahawa. Mombasa, ufuo wa Mama Ngina ulikarabatiwa na sherehe za Mashujaa za 2019 zikafanyika hapo, na leo familia za kila kabila hukaa wakila mihogo na kachiri. Unguja, bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya 2009 baada ya ukarabati, na kila jioni wauza vyakula hupata riziki yao pale. Tazama jambo hili vizuri: kukaa ni bure, lakini anayekaa hatimaye hununua. Kwetu sisi, anayetaka kukaa hupanda gari, na pesa yake hupanda naye.

Wala hili si la kuomba hisani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti kazi ya bustani, fuo na mahali pa burudani, katika orodha ileile yenye masoko na zahanati. Serikali za kaunti zipo tangu 2013. Zahanati na barabara tunaziulizia kila uchaguzi. Bustani hatujawahi kuiulizia, nao hawakutuletea.

Kuna watakaosema: watu wanataka maji na dawa, mafuriko ya 2023 na 2024 yametutoa majumbani, wewe wataka viti? Ni kweli, maji na dawa kwanza. Lakini miti, mabenchi ya saruji, taa, bomba na vyoo safi, katika kiwanja kilichoinuka mafuriko yasikifikie, si mradi wa kufilisi kaunti. Na viwanja vya umma vikishagawanywa kuwa vibanda, hata pesa zikija hapatakuwa na pa kujenga.

La mwisho ndilo zito. Sisi ni watu wa Riketa, Kilelengwani na Kipao. Mwaka 2012 hadi mwanzo wa 2013 tulizika watu zaidi ya 100, mkulima na mfugaji. Tangu wakati huo vikao vya amani vimefanyika vingi. Watu huitwa ukumbini, hulipiwa nauli, hunywa soda, kisha kila mmoja hurudi kwao. Wanaojuana sokoni hujuana kwa bei ya maziwa na bei ya ndizi. Amani yataka zaidi ya bei. Yataka watoto wa Kiorma, Kipokomo, Kiwardei na Kigiriama wacheze pamoja huku mama zao wakizungumza, bila aliyewaalika wala daftari la kutia sahihi. Sisemi benchi litazuia vita. Nasema ni vigumu zaidi kumdhania mabaya mtu uliyekaa naye Jumapili iliyopita.

Jumapili jioni gari la Malindi lilirudi, yule kijana akashuka. Nikamuuliza, umepumzika? "Nimepumzika, ami, lakini nauli imenimaliza."

Basi tulipeleke neno hili panapohusika. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufika bunge la kaunti ifikapo 1 Septemba, na makadirio ya bajeti ifikapo 30 Aprili. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Safari hii, baada ya kutaja maji, dawa na barabara, tusinyanyuke. Tumuulize mwakilishi wetu wa wadi: kiwanja cha umma cha Garsen ni kipi, na kimeandikwa kwa jina la nani? Akitujibu hilo, mabenchi yatafuata inshallah.