Mdruidi Asiye na Mwiko

Katika mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974, watu huketi mezani, kila mmoja akajitwalia mhusika wa kubuni, na dadu zikaamua bahati yake. Mwaka 1976 wachezaji waliruhusiwa kumtwaa mdruidi, kuhani wa misitu awezaye kujigeuza mnyama. Mwiko wake mkubwa ulikuwa kutovaa deraya ya chuma. Kanuni za mwaka 2000 zilimnyang'anya uganga mvunja mwiko huo, hata kwa siku nzima baada ya kuivua. Za mwaka 2014 ziliutaja mwiko pasipo adhabu. Za mwaka 2024 zimeufuta.

Wanaoshangilia kufutwa huko hawakosi hoja. Husema kwamba chuma nacho ni mtoto wa ardhi, kama ngozi ilivyo ya mnyama. Tena Pliny, mwandishi wa Roma, ameeleza kuwa wadruidi walikata mmea uotao juu ya mwaloni kwa mundu wa dhahabu. Basi madini hayakuwa haramu kwao. Hayo yakubaliwe. Lakini dawa ya mwiko dhaifu ni mwiko ulio bora, si kuishi bila mwiko.

Mwiko bora wapatikana katika maelezo ya Julius Caesar, aliyeipiga vita Gaul, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa. Asema wadruidi waliamua kesi za mauaji, urithi na mipaka. Aliyekataa hukumu yao alizuiwa kafara, na watu wakamwepuka. Baadhi yao walisoma miaka 20, na mafunzo hayo yalihifadhiwa moyoni, hayakuandikwa. Katika habari hiyo hamna dubu hata mmoja.

Na mdruidi wa mezani afungwe na uamuzi. Akiombwa kusuluhisha ugomvi, asikatae. Akihukumu kwa upendeleo, uganga wake wote umtoke, na umbo la dubu pia, mpaka atengeneze alichoharibu.

Yawezekana kujibiwa kwamba watu huketi mezani kwa furaha, wala hawakuja kubebeshwa mizigo. Lakini ni furaha gani iliyomo katika uwezo usiodai kitu? Dadu mbaya humnyima mchezaji bahati. Mwiko humnyima udhuru. Hapo ndipo mhusika wake huanza kuwa mtu.