Coen wa Hoorn na Coen wa Jakarta

Na Mwanaidi Shekue

Jan Pieterszoon Coen, gavana mkuu wa Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki iliyojulikana kwa herufi VOC, aliuteketeza mji wa Jayakarta mwaka 1619 na mahali pake ukajengwa mji wa Batavia, ambao leo ni Jakarta; miaka miwili baadaye aliongoza uvamizi wa visiwa vya Banda ili kuhodhi biashara ya kungumanga, na kati ya wenyeji waliokadiriwa kuwa 15,000 wakabaki visiwani takriban elfu moja tu, wengine wakiwa wameuawa, wamekufa kwa njaa, wamekimbia au wamefanywa watumwa. Sanamu yake iliyosimamishwa Batavia katika karne ya 19 iliondolewa mwaka 1943, wakati Wajapani walipoitawala Java, na haikurudishwa. Ile ya Hoorn, mji alikozaliwa, iliyozinduliwa mwaka 1893, ingali imesimama uwanjani.

Waindonesia hawakubomoa kila kilichojengwa na mkoloni, ila walibadili matumizi yake na simulizi yake. Jumba la manispaa la Batavia, lililokamilika mwaka 1710, lilikuwa pia mahakama na gereza, na mwaka 1830 mwanamfalme Diponegoro, kiongozi wa vita vya miaka mitano dhidi ya Waholanzi, alizuiliwa humo kabla ya kupelekwa uhamishoni Sulawesi. Tangu 1974 jumba hilo ni makumbusho ya historia ya Jakarta, na uwanja ulio mbele yake unaitwa Fatahillah, kwa jina la amiri aliyewashinda Wareno katika bandari ya mji huo mwaka 1527, zaidi ya miaka 90 kabla ya Coen kuichoma Jayakarta. Mwanafunzi anayelizuru huona kwamba ukoloni ni kipindi kimoja cha mji wake, wala si mwanzo wake. Ndiyo maana maharusi huweza kupigwa picha mbele ya kuta hizo bila kumtukuza aliyezijenga.

Mgeni kutoka Uholanzi huziona kuta hizohizo kwa jicho jingine, hasa akiwa mzawa wa mojawapo ya familia za watu wapatao 300,000 waliohama Indonesia kwenda Uholanzi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Majonzi ya familia hizo ni ya kweli na hayastahili kubezwa. Tatizo huanza pale uzuri wa dari na baraza unapogeuzwa kuwa ushahidi kwamba utawala ule ulikuwa wa hisani, huku jasho la waliobeba matofali likisahauliwa. Waindonesia nao hawajasalimika na usahaulifu huu: jengo la Lawang Sewu mjini Semarang, lililojengwa kuanzia 1904 kuwa makao makuu ya kampuni binafsi ya reli, linavuma zaidi kwa hadithi za mizimu kuliko kwa mapigano ya Oktoba 1945 kati ya vijana wa Kiindonesia na askari wa Kijapani.

Hata hivyo, kazi kubwa zaidi imebaki Uholanzi, ambako athari za ukoloni zimezoeleka kiasi cha kutoonekana. Mtaani Indische Buurt, mashariki mwa Amsterdam, watu hununua mboga katika barabara ya Java na kuishi katika barabara ya Sumatra, na vibao vya majina hayo peke yake havielezi kilichotendeka huko. Mnara uliojengwa jijini humo mwaka 1935 kumtukuza Jenerali Van Heutsz, aliyeitiisha Aceh kwa vita vya umwagaji damu mkubwa, ulibadilishwa jina mwaka 2004 ukawa kumbukumbu ya uhusiano wa Uholanzi na Indonesia. Huko Hoorn, maelezo mapya yaliyowekwa mwaka 2012 yanataja lawama dhidi ya Coen, lakini yako chini, miguuni pa mtu aliyeinuliwa juu ya jiwe, na mpita njia huona sanamu kabla ya kusoma maandishi. Serikali ya Uholanzi ilikiri kikamilifu mwezi Juni 2023 kwamba Indonesia ilipata uhuru tarehe 17 Agosti 1945, wala si Desemba 1949. Baraza la mji wa Hoorn halina sababu ya kusubiri miaka mingi kama hiyo kumwondoa Coen uwanjani na kumpeleka makumbusho, ambako mauaji ya Banda yataelezwa mbele ya sifa zake.