TAHARIRI: Maji ya kijiji ni amana, tusiifanyie khiyana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Swahaba zake. Ama baad.

Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Katika vijiji vya Mtwara, kutoka Msimbati pwani hadi Kilambo, Mahurunga na Kitaya kando ya Mto Ruvuma, huo ni wakati wa neema kwa mashamba na wakati wa hatari kwa visima. Mvua husomba uchafu wa juu ya ardhi, hufurisha vyoo vya shimo, na huyaingiza yote hayo katika kisima kisichojengewa wala kufunikwa. Yatupasa basi kukumbushana mapema.

Wengi wetu tumesoma madrasa kwamba maji mengi hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hukumu hiyo ni sahihi katika mlango wake, nao ni mlango wa twahara. Lakini twahara ni jambo moja na usalama wa afya ni jambo jingine. Maji yaweza kufaa kwa udhu yakawa hayafai kunywewa. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho wala havionjeki kwa ulimi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa pasipatikane hata kijidudu kimoja cha aina ya E. koli, ambacho ni alama ya kinyesi. Jicho halina uwezo huo. Maabara ndiyo yenye uwezo. Na dini yetu haikuughafilika mlango huu: Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, akaonya juu ya kujisaidia penye njia za maji, na akaamrisha vyombo vifunikwe.

Wapo wanaoikataa dawa ya klorini wakidai kuwa harufu yake inaharibu udhu. Wanachuoni wamebainisha kuwa badiliko dogo lisiloyaondolea maji jina la maji halidhuru. Wapo pia wanaohofia kuwa dawa hiyo ndiyo inayoleta maradhi. Ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, uvumi wa namna hii umezuka zaidi ya mara moja tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa Kireno klorini huitwa cloro na kipindupindu huitwa cólera. Maneno yakachanganywa, wahudumu wa afya na viongozi wa mitaa wakashambuliwa, na wengine wakauawa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Msikiti usiwe mahali pa kupitishia uvumi.

Sasa tutazame upande wa usimamizi. Mwaka 1971 Serikali iliahidi kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini atapata maji ndani ya mita 400. Katika Mtwara na Lindi, tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Finland ilisaidia kuchimba visima na kufunga pampu za mkono. Ahadi haikutimia kwa ukamilifu, na pampu nyingi zilinyamaza kwa kukosa vipuri na matunzo. Sera ya Maji ya 2002 ikaweka umiliki na gharama za uendeshaji mikononi mwa wanakijiji. Sheria Na. 5 ya 2019 ikaanzisha RUWASA, na chini yake vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii.

Maana yake ni kuwa mwenye kuulizwa kwanza ni sisi. Wajumbe wa vyombo hivyo ni watu tunaopanga nao safu moja ya swala. Fedha ya ndoo ni amana. Ikiliwa, hapana klorini, hapana fundi, hapana kipimo; na anayelipa gharama ni mtoto anayeharisha. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana.

Tunanasihi haya. Kwanza, hesabu za maji zisomwe hadharani, nao wanawake wachotao maji wawepo na wasikilizwe. Pili, sampuli zipelekwe katika maabara ya ubora wa maji Mtwara kabla ya mvua na baada yake, na majibu yatangazwe hata yakiwa mabaya. Tatu, penye bomba, klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale maji yanapochotwa. Penye kisima kisicho na dawa, maji yachemshwe. Nne, choo kisichimbwe karibu na kisima wala upande wa juu wake. Tano, michango ya matengenezo itolewe msimu wa mauzo ya korosho, fedha ingali mikononi.

Neno la mwisho ni kwa wafadhili, wa hapa na wa Ughaibuni. Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma mjini Madina akakitoa kwa Waislamu. Wengi wanafuata nyayo hizo, nasi tunawaombea kheri. Lakini pwani yetu maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi. Kisima kikichimbwa au kuvutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Kibao chenye jina la mfadhili hakipimi maji. Anayetaka sadaka yenye kuendelea, pamoja na fedha ya kuchimba atenge fedha ya kupima na ya vipuri, kwa kuwa thawabu huendelea madhali watu wananufaika.

Wabillahi tawfiq.