Mambo ya Motokaa: Gari Linalozimika na Kuwaka Tena

Maradhi mabaya ni yale yanayojificha mganga afikapo, na motokaa nazo zina maradhi ya namna hiyo. Gari lililokufa kabisa halimpi fundi taabu kubwa, kwa kuwa ubovu wake upo mbele ya macho. Bali gari linalozimika njiani, kisha likawaka tena kana kwamba halikuwa na neno, hilo ndilo linalokula fedha za mwenyewe. Aghalabu ubovu wa namna hiyo hutoka katika umeme.

Mfano ni mkulima mmoja wa Kinangop mwenye Land Rover kuukuu ya dizeli, ya mwaka 1996, yenye injini ya 300Tdi, ambayo alipelekea maziwa Naivasha. Gari hilo lilizimika mara moja au mbili kila juma, na daima katika njia mbovu ya mashambani. Akigeuza ufunguo, likawaka. Akilipeleka kwa fundi, likavuma mchana kutwa bila kasoro. Mkulima akasadiki kwamba ni uchafu wa tangi unaotikiswa na mashimo. Chujio likabadilishwa, tangi likaoshwa, na mwisho pampu ya dizeli ikafunguliwa na kutengenezwa kwa fedha za karo ya watoto. Juma lililofuata gari likazimika mteremkoni. Breki zake husaidiwa na nguvu itokayo kwa injini. Alipokwisha kukanyaga mara mbili tatu, pedali ikawa ngumu kama jiwe. Akaponea chupuchupu, ukingoni mwa barabara.

Kosa la mkulima huyo ni la watu wengi. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa sana. Kwa hiyo watu hudhani kwamba injini ikisha kuwaka, umeme hauna kazi tena. Sivyo. Juu ya pampu ya injini kama hiyo kuna kidude cha sumaku kiitwacho solenoidi. Umeme ukifika, sumaku huvuta kizibo na dizeli hupita. Umeme ukikatika, springi husukuma kizibo na dizeli huzuiwa. Ndivyo injini inavyozimwa kwa ufunguo. Basi waya mmoja mwembamba ukilegea, gari zima husimama.

Mkulima akaenda kwa fundi mwingine, mtu wa makamo, ambaye hakuanza kwa kushika spana bali kwa kuuliza.

"Mzee, lilipozimika lilisitasita kwanza, au lilikata mara moja?"

"Lilikata mara moja, bwana fundi, kama lililozimwa kwa ufunguo."

"Na zile taa nyekundu za oili na chaji, ziliwaka?"

Mkulima hakujua, kwa maana macho yake yalikuwa barabarani. Binti yake, aliyezoea kuketi kando yake, akajibu, "Hazikuwaka, baba. Hata moja."

Maneno hayo yalikuwa na thamani kuliko pampu mpya. Injini inayokosa dizeli kwa ajili ya uchafu aghalabu hukohoa na kupungukiwa nguvu kabla ya kufa. Inayokatiwa umeme hufa ghafula. Tena injini ikifa huku ufunguo ukiwa mahali pake, taa za oili na chaji hazina budi kuwaka. Zisipowaka, ni dalili kwamba umeme wa swichi wenyewe umepotea.

Fundi hakuridhika na dalili peke yake. Kwanza alisafisha vichwa vya betri, akakaza waya wa arthi unaounganisha injini na bodi, akapima: betri volti 12.6, na injini ikivuma, volti 14. Yote yalikuwa sawa. Ndipo akafunga taa tatu ndogo mbele ya kiti cha abiria: ya kwanza katika waya uingiao swichi ya ufunguo, ya pili katika waya utokao, na ya tatu katika solenoidi. "Binti yangu," akasema, "usiangalie barabara. Angalia taa hizi, uniambie ipi itazimika."

Wakaenda katika njia ile ile mbovu. Gari lilipokata, taa ya kwanza iliendelea kuwaka. Ya pili na ya tatu zikazimika pamoja. Basi ubovu ulikuwa ndani ya swichi. Laiti ya tatu ingezimika peke yake, pangetafutwa katika waya, fyuzi na viungo, au katika kile kidude cha kuzuia wezi kilichofungwa katika baadhi ya magari ya miaka ya 1990. Na laiti zote zingebaki zikiwaka, pangetazamwa solenoidi yenyewe na arthi yake, kisha dizeli.

Swichi ilikuwa imelika. Katika ufunguo wa gari kulining'inia funguo za ghala, za zizi na za kufuli tatu. Kila shimo la barabara liliurusha mzigo huo, ukaivuta swichi, umeme ukakatika kwa nukta moja. Swichi mpya haikufikia hata sehemu ya kumi ya gharama ya pampu.

Mwenye gari kuukuu na ayashike mambo haya. Aandike kila mara gari lizimikapo: njia gani, injini ilikuwa baridi au ya moto, kulikuwa na mvua au kiangazi, na taa zipi ziliwaka. Asikubali kununua kifaa kabla ya kuonyeshwa kwa kipimo kwamba cha zamani ni kibovu. Funguo za nyumbani zikae mfukoni. Wala asikubali kuvutiwa waya mtupu kutoka betri mpaka solenoidi ati afike nyumbani. Waya huo usio na fyuzi waweza kuwasha moto, na injini haitazimika tena kwa ufunguo hata pakiwa na hatari.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkulima yule alikuwa amelipa gharama ya pampu nzima kwa ajili ya kitu kilichokuwa karibu na goti lake, na aliyekigundua ni mtoto aliyekuwa akitazama.