Basi la usiku kwenda kutazama picha

Abiria anayepanda basi la usiku pale Kanduyi, Kaunti ya Bungoma, hupita Webuye, Eldoret na Nakuru, akashuka Nairobi alfajiri. Wengi hufuata daktari, karo au kesi. Anayesema anakwenda kutazama picha huonekana ana pesa za kuchezea.

Hana. Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yamekuwa mwenyeji wa maonyesho ya sanaa ya bei nafuu, na kuingia kutazama si kununua. Mgeni afike asubuhi kabla ukumbi haujajaa, aulize bei bila haya, kisha siku ya pili aende Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2020 na Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Nairobi ambaye kazi zake zilionyeshwa Venice mwaka 2019. Huko hakuna muuzaji wa kumkazia macho.

Lakini kwa nini asafiri usiku kucha? Uwanja wa Masinde Muliro, hapo hapo Kanduyi, ulikarabatiwa ukapokea sherehe za kitaifa za Madaraka mwaka 2024. Kaunti iliyomudu jukwaa la rais haiwezi kushindwa na ukumbi mmoja wenye kuta nyeupe na taa nzuri.